Pindo la Kanga

Mimi ndiye niliyecheka.
Niliseme hilo kwanza, lisije likapotea
katika sifa zinazogawiwa sasa kama togwa ya harusi.

Ilikuwa Oktoba, kusini mwa Mvumi,
mwezi ambao ardhi yetu hutafunika kinywani
na ukipiga chafya, inatoka nyekundu.
Kila mtu shambani na jembe, na kiberiti,
ang'oe, akwatue, achome,
shamba libaki kama sahani iliyorambwa,
maana shamba safi ndiyo heshima ya mtu
na kisiki ni aibu, kama chawa kwenye ukosi.

Sechelela alifika kwenye kisiki cha mgunga,
kile ambacho baba mkwe wake alikikata,
na mumewe akakikata,
na mbuzi wakakimalizia kila mwaka.
Kilikuwa kimetoa machipukizi kumi na kitu,
membamba kama njiti za kufumia.
Akainua jembe.
Akalishusha pembeni.

Sijui kwa nini. Nimemuuliza, naye hajui.
Siku nyingine husema mpini ulikuwa umelegea,
siku nyingine, alichoka tu,
mtoto mgongoni ana homa, jua la saa saba.
Akachagua mawili yaliyonyooka,
akapunguza mengine kwa kisu cha kukatia mlenda,
kisha akachana pindo la kanga yake kuukuu,
bluu iliyopauka, akalifunga pale,
ili kesho jembe lake mwenyewe lisisahau.

Hilo tu.
Muda wa kumeza mate.

Nami nikapita na baiskeli, magunia mawili ya mkaa nyuma,
nikamwambia: "Mama Ndahani, kisiki kinaumwa jino?"
Watu wakacheka hadi kilabuni.

Mwaka wa pili mgunga ulimfika kifuani.
Mwaka wa tatu, jua lilipokaza,
mtama wa chini yake ulichelewa kunyauka siku tisa.
Nilizihesabu. Mwenye wivu huhesabu vizuri.
Siku tisa, kwetu,
ndiyo njia panda kati ya kilindo kilichojaa
na safari ya kwenda kuhemea.

Nyamwanji wa ng'ambo ya korongo akafunga kisiki kimoja,
usiku, asionekane.
Asubuhi Mbeleje, mchunga mbuzi wa miaka kumi,
akaona kitambaa, akawapitisha mbuzi mbali,
bila kutumwa na mtu.
Hakuna aliyeitisha mkutano.
Hazikugawiwa kofia wala fulana zilizoandikwa.
Kanga zikaisha mapindo.
Zikafuata soksi za shule, mifuko ya saruji,
tai ya mwalimu Chidong'oi, ile ya kijani,
aliyoivaa siku anaposa.
Ukisimama kilimani ungedhani kijiji kizima kimeumia
na kufungwa bendeji.
Pengine ndivyo.

Sisemi mvua imeongezeka.
Mvua yetu ni bahili wa kuzaliwa.
Nasema hii kidogo inayokuja, sasa hukaa,
haikimbilii tena bondeni na udongo wetu kwapani.
Korongo lililomeza choo cha shule
limeota nyasi midomoni, limenyamaza.
Upepo wa Septemba hufika umechoka.
Nyuki wamerudi na hasira zao,
na kweleakwelea nao, wezi wa mtama,
hilo nalo lisemwe.

Nami?
Kuna kisiki kwangu nimekichoma mkaa mara nne.
Nilidhani nimekiua.
Juzi nikakiona kina jani, moja, upande wa kusini,
dogo kama ukucha wa kitoto.
Sikuwa na kanga. Nikachana mkono wa shati.

Nikiwa nimepiga magoti, Sechelela akapita, ndoo kichwani.
Akatazama shati.
Akatazama kisiki.
"Mbukwenyi," akasema, akaenda zake
pasipo maji kumwagika.

Hakucheka.
Bora angecheka.